Vihisi vya nyumbani kwa mzazi anayeishi peke yake: mwongozo kamili, kuanzia kwa jirani hadi kwenye betri

Mama yangu ana miaka 79 na anaishi peke yake Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba waliyoijenga na marehemu baba. Mimi niko Dar es Salaam, dada yangu yuko Muscat, Oman. Miaka mitatu iliyopita mama alitoka usiku kwenda msalani, akateleza uani penye maji na kuangukia ubavu. Hakuvunjika mfupa, ila goti lilikataa kumwinua, na simu alikuwa ameiacha chini ya mto. Alikaa pale sakafuni hadi saa mbili asubuhi. Aliyemkuta ni jirani anayekaanga maandazi. Kila siku saa moja mama humfuata kununua mawili, siku ile hakutokea, na yule mama akaacha karai jikoni akaja kupiga hodi.

Kwa hiyo aliyemwokoa mama ni mtu aliyeijua desturi yake, na aliyekuwa na miguu ya kuvuka uchochoro. Nimefunga vihisi vingi tangu hapo, kwetu na kwa ndugu na marafiki, na sijaona kinachozidi hilo. Kihisi, au sensa kama mafundi wengi wanavyosema, hakimwinui mtu. Kazi yake ni kufupisha muda kati ya desturi kuvunjika na mtu kupiga hodi. Ukianza kwa kununua vifaa kabla ya kumjua atakayepiga hodi, umeanzia mwisho.

Na muda ndio unaoua. Mzee aliyelala sakafuni kwa saa nyingi hukaukiwa maji, ngozi hupata vidonda pale ilipogandamizwa, na misuli iliyobanwa huanza kuvunjika na kumwaga taka zinazoumiza figo. Anguko lenyewe laweza kuwa dogo, madhara yakaja na kungoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la walio na umri wa zaidi ya miaka 60.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Japani. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilitoa chupa ya umeme ya maji ya moto iitwayo i-Pot. Mzee alijimiminia chai kama kawaida yake, na chupa ikampelekea mwanawe taarifa kwamba imetumika. Mzee hakuvaa kitu, hakubonyeza kitu cha ziada, wala hakupigwa picha. Ukiuelewa mfano huo, sehemu kubwa ya mwongozo huu umeshaielewa.

Hatua ya kwanza: daftari la siku saba

Nunua daftari dogo, ukae na mzazi wiki nzima, au umwombe anayekaa naye karibu akusaidie. Andika mambo anayoyafanya kila siku bila kukosa, na saa zake. Ukiuliza tu, utaambiwa "mimi naamka mapema", na jibu hilo halitoshi kuandikia kanuni yoyote, yaani agizo linaloueleza mfumo lini utoe tahadhari. Unahitaji kujua mlango upi hufunguliwa kwanza, yeye hukaa wapi mchana, humaliza kuoga kwa dakika ngapi, huzima taa saa ngapi.

Kwa mama daftari lilisema hivi. Mlango wa uani hufunguka kati ya saa kumi na moja kasoro na saa kumi na mbili alfajiri, anapokwenda kutia udhu. Saa moja anatoka mlango wa mbele kufuata maandazi. Adhuhuri hulala kidogo kwenye mkeka wa sebuleni. Saa mbili usiku runinga inawashwa kwa ajili ya taarifa ya habari, hata kama hana hamu ya kutazama kitu kingine. Hizo ni nguzo nne za siku yake, na kila nguzo inaweza kusikika bila kamera.

Angalia pia desturi zinazobadilika kwa majira. Mwaka wa kwanza niliisahau Ramadhani. Mama alikuwa anaamka saa kumi usiku kula daku, anasali, kisha anarudi kulala mpaka saa tatu. Mfumo ukawa unatupigia kelele kila asubuhi, na siku ya tano jirani akaacha kuitikia. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kengele za uongo: zinamchosha yuleyule utakayemhitaji siku ya kweli.

Hatua ya pili: mzazi aseme ndiyo

Usifunge chochote kwa siri. Hata kama una nia njema, siku atakapokigundua hatakuamini tena, na pengine atakichomoa.

Nilikaa na mama kibarazani nikamweka mkononi kihisi kimoja cha mlango, akakigeuzageuza. Nikamweleza kwamba hakioni wala hakisikii, kinajua tu mlango umefunguka au umefungwa. Akaniuliza, "Na nikiwa msalani, mtajua nimekaa muda gani?" Nikamjibu kweli: ndiyo, tutajua umeingia na hujatoka. Akanyamaza kidogo, akasema hilo analikubali, lakini chumbani kwake hataki kitu. Tukaishia mlangoni. Mpaka leo hakuna kihisi ndani ya chumba cha mama, na tumeweza kuishi bila hicho.

Muulize pia nani apate taarifa zake. Mama alikubali mimi na dada. Akakataa kaka zetu wakubwa wasione saa zake za kulala na za kwenda msalani, nasi tukalishika neno lake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Hata kama sheria hizo zisingekuwepo, mtu mzima ana haki ya kujua nani anamhesabia hatua zake.

Kuhusu kamera msimamo wangu ni mmoja: ndani ya nyumba ya mzee, hapana. Kuna wenzangu wanaotofautiana nami hapa, na kwa mgonjwa anayehitaji uangalizi wa karibu mazungumzo ni mengine. Lakini mzee mwenye akili timamu anayeishi peke yake anavua khanga nyumbani kwake, analia, anasali, anapokea wageni. Vihisi vinatosha.

Hatua ya tatu: tafuta miguu

Andika majina matatu ya watu wanaoweza kufika mlangoni. Wa kwanza afike kwa dakika tano akitembea. Wa pili kwa robo saa. Wa tatu awe na chombo cha usafiri. Kwetu ni mama wa maandazi, kijana wa shangazi anayekaa mtaa wa pili, na dereva wa bodaboda ambaye mama amemzoea. Nenda kwa kila mmoja ana kwa ana, mwombe, mweleze atakachoambiwa na atakachofanya. Usimtumie mtu ujumbe wa WhatsApp tu ukadhani mmekubaliana. Mjulishe pia mjumbe au balozi wa eneo, maana usiku wa manane mtu anayeonekana akisukuma mlango wa mjane anahitaji kujulikana.

Kisha shughulikia ufunguo, na hapa wengi hukosea. Tulimpa jirani ufunguo wa akiba, tukaridhika. Miezi miwili baadaye, wakati wa kujaribu, ufunguo ukageuka vizuri lakini mlango ukagoma: mama alikuwa ameweka komeo kwa ndani, kama anavyofanya kila usiku kwa miaka arobaini. Ingekuwa siku ya kweli, wangevunja mlango wa chuma. Tulibadilisha komeo la mlango wa uani tukaweka kitasa kinachofungika ndani kwa mkono na kufunguka nje kwa ufunguo. Kazi ya fundi ya asubuhi moja. Fanya hivyo kabla ya kununua kihisi cha kwanza.

Kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, andika namba zote: za hao watatu, za kwenu, ya kituo cha afya kilicho karibu na dereva wa gari la wagonjwa kama lipo, 112 ya dharura, na 114 ya zimamoto kwa Tanzania. Andika pia dawa anazotumia na kiasi chake. Ibandike nyuma ya mlango wa jikoni.

Hatua ya nne: taa kabla ya kengele

Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua taa za usiku zenye kihisi cha mwendo, zile ndogo za betri au za kuchaji. Weka moja kando ya kitanda chini, moja kwenye ukumbi, moja mlango wa uani, moja msalani. Mzee akishusha mguu, njia inawaka. Taa hizi hazihitaji intaneti wala kanuni, na zinazuia anguko lenyewe badala ya kulitangaza. Sambamba na hilo, ondoa zulia linaloteleza, weka vyuma vya kushikia msalani, na usawazishe ile kingo ya sementi ambayo kila mtu nyumbani amejikwaa nayo.

Hatua ya tano: vifaa gani, na vingapi

Vihisi vitano au sita vinatosha nyumba ya vyumba vitatu. Nimeona watu wakifunga ishirini, kisha wakashindwa kubadilisha betri.

Kihisi cha mlango ni vipande viwili: sumaku kwenye mlango, na swichi ndogo kwenye fremu inayojua sumaku ikisogea. Kihisi cha mwendo husoma joto la mwili linapokatiza mbele yake. Plagi janja huchomekwa kwenye soketi, na chombo kikichomekwa kwake hupima umeme kinaoutumia, kwa hiyo inajua runinga imewashwa. Kitufe cha dharura hubonyezwa. Kihisi cha rada hutambua hata mtu aliyetulia anayepumua tu, lakini ni ghali zaidi na kinahitaji kuchomekwa kwenye umeme, hivyo kiache kwa awamu ya pili.

Kwa mama nilianza na vihisi vya mlango viwili (mbele na uani), vya mwendo viwili (ukumbini na msalani), plagi janja moja kwenye runinga, na vitufe viwili vya dharura.

Vipo vya Wi-Fi na vipo vya Zigbee, njia ya redio ya vifaa vidogo kuwasiliana kwa umeme kidogo. Chagua Zigbee. Kihisi cha Wi-Fi kinachotumia betri hula betri haraka. Cha Zigbee hukaa mwaka mmoja au zaidi kwa betri ndogo ya mviringo, kwa kawaida CR2032 au CR2450. Zigbee inahitaji kitovu, yaani kifaa kinachopokea ishara zote. Unaweza kununua kitovu cha kampuni iliyotengeneza vihisi, ukakitumia kwa programu yao ya simu. Au ukaweka Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Naipendelea hiyo ya pili kwa sababu kumbukumbu za mama zinabaki ndani ya nyumba yake, na kanuni zinaendelea kufanya kazi hata intaneti ikikatika. Ila kama hakuna mtu katika ukoo anayependa mambo haya, chukua kitovu cha kampuni. Mfumo rahisi unaotunzwa ni bora kuliko mzuri uliotelekezwa.

Ukitumia Raspberry Pi, mambo mawili yatakuokoa miezi ya usumbufu. Usihifadhi mfumo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, maana umeme ukikatika ghafla mara kwa mara kadi huharibika. Tumia diski ya SSD. Na kijiti cha Zigbee, kile cha USB kinachopokea ishara za vihisi, usikichomeke moja kwa moja kwenye mashine. Milango ya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Zigbee, kijiti kikawa kama kiziwi. Kitenganishe na mashine kwa waya wa USB wa nusu mita au zaidi.

Hatua ya sita: umeme na intaneti

Kitovu na ruta kwa pamoja hula kama wati 10. Betri ndogo ya akiba ya ruta, zile zinazoandikwa 10,000 mAh, hubeba takribani wati-saa 37, kwa hiyo itakupa kama saa tatu ukiondoa upotevu. Muheza hapo zamani hazikutosha, nikaweka betri kubwa zaidi inayochajiwa na sola. Piga hesabu yako kwa ukatikaji wa kwenu, si kwa ukatikaji wa mjini.

Usisahau LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Umeme wa mama ulishawahi kukatika kwa sababu tu uniti ziliisha saa sita usiku. Sasa kila tarehe 1 tunamnunulia kwa simu na kumsomea tokeni taratibu. Kwa ruta tumia laini yenye bando la mwezi. Mfumo wenyewe hutuma maneno machache tu, kiasi kidogo mno cha data, lakini laini isiyo na bando ni bubu.

Ububu huo ndio wa kuogopwa. Mfumo ukifa, nao hunyamaza, na ukimya wake unafanana kabisa na ukimya wa mambo kuwa salama. Kwa hiyo uagize ukutumie ujumbe kila siku saa mbili na nusu usiku: "Niko hai, betri ziko sawa." Siku usipoupata, usilale kabla hujampigia mzazi. Ni kanuni fupi kuliko zote na mimi ndiyo ninayoitegemea zaidi.

Hatua ya saba: kufunga

Vihisi vingi vimebuniwa kwa nyumba za aina nyingine: kuta nyepesi, milango ya mbao, choo ndani. Yetu ina matofali ya saruji, mabati, milango ya chuma, na msalani uko ng'ambo ya ua. Hapa ndipo vifaa vizuri hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mlango wa chuma huchanganya sumaku. Ukibandika kihisi moja kwa moja juu ya chuma, kinaweza kukuambia mlango umefungwa hata ukiwa wazi, au kinyume chake. Weka kipande cha plastiki au ubao chenye unene wa sentimita moja chini ya sumaku na chini ya kihisi, kisha jaribu mara kumi kufungua na kufunga huku ukitazama simu.

Ishara haipiti kirahisi kwenye kuta mbili za matofali. Vifaa vya Zigbee vinavyochomekwa kwenye umeme, kama plagi janja, hupokezana ishara kwa ajili ya vingine. Vya betri havifanyi hivyo. Weka plagi moja kwenye soketi iliyo karibu na mlango wa uani, na kihisi cha msalani kitapata njia. Ila plagi hiyo usiipe friji. Siku ikizima kwa bahati mbaya, chakula kinaoza na mzazi anapoteza imani na mfumo mzima. Na kumbuka umeme ukikatika, plagi hiyo nayo inakufa na kuwakatia njia walio nyuma yake, isipokuwa nayo ipo kwenye betri ya akiba.

Kihisi cha mwendo kifunge kwenye kona, urefu wa mita mbili hivi, kikitazama ukumbi kwa ubavu ili mtu akatize mbele yake badala ya kukijia moja kwa moja. Kisitazame dirisha lenye jua. Kama kuna kuku na paka wanaoingia, ziba sehemu ya chini ya lenzi yake kwa utepe. Usikiweke karibu na taa: taa huita wadudu, wadudu huwaita mijusi, na mjusi akipita juu ya lenzi kihisi kinaona jitu limepita. Nilihangaika wiki mbili na mwendo wa saa nane usiku kabla ya kumkuta huyo mjusi mwenyewe. Sisimizi nao hupenda kuweka makazi ndani ya vifaa vyenye uvuguvugu, kwa hiyo vifungue uvisafishe kila baada ya miezi michache.

Jambo jingine la Pwani: kihisi cha mwendo hulinganisha joto la mwili na joto la ukuta. Mchana wa Februari, ukuta chini ya mabati ukikaribia nyuzi 36, tofauti inapungua na kihisi kinakuwa kizito kuona. Ndiyo maana kanuni ya mchana isitegemee kihisi cha mwendo peke yake. Iunganishe na mlango.

Kitufe cha dharura kiwekwe pale mtu aliyeanguka anapoweza kukifikia, yaani sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni. Kwenye vyoo vya watu wenye ulemavu Uingereza utaona kamba nyekundu inayoning'inia mpaka karibu na sakafu. Sababu ni hiyohiyo. Kimoja kiko msalani, kimefungwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki kisilowe. Kingine tulimpa mama avae shingoni. Alikivaa siku tatu, kisha akakitundika kwenye msumari. Sikumlaumu. Kwa sababu hiyo usijenge mfumo mzima juu ya kitufe: anayezirai habonyezi.

Kama mzazi anapikia mkaa au gesi ndani, ongeza vihisi viwili hata kama havijaungana na mfumo, ilimradi vilie. Hewa ya kaboni monoksidi itokayo kwenye mkaa haina harufu na huchanganyika na hewa ya chumba, kwa hiyo kihisi chake kiwe usawa wa pua ya mtu aliyelala au kuketi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, hivyo chake kiwe karibu na sakafu. Ukivibadilisha nafasi, havitakusaidia ipasavyo.

Hatua ya nane: wiki mbili za ukimya

Vikishafungwa, usiwashe kengele yoyote. Acha mfumo urekodi tu kwa siku 14. Mwishoni, soma: mlango wa uani ulifunguka mapema kabisa saa ngapi, na kwa kuchelewa kabisa saa ngapi? Kwa mama ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na saa moja kasoro dakika kumi. Kuoga kulikochukua muda mrefu zaidi kulikuwa dakika 25. Linganisha na daftari lako. Mara nyingi utakuta mzazi alikuwa na siku nyingine usiyoijua.

Hatua ya tisa: kanuni

Kwanza, saa. Mashine haijui saa ya Kiswahili. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa ya saa tatu asubuhi, nikaandika 03:00, na saa tisa usiku simu zikalia Dar na Muscat kwa pamoja. Dada alikaa macho mpaka kulipokucha. Andika 09:00 kwa saa tatu asubuhi, 20:00 kwa saa mbili usiku, na hakikisha kitovu kimewekwa saa za Afrika Mashariki.

Kanuni ya asubuhi: kama hadi 07:30 mlango wa uani haujafunguka na ukumbini hakuna mwendo, anza tahadhari. Nilichukua saa ya kuchelewa kabisa, nikaongeza dakika arobaini.

Kanuni ya msalani: kama kuna mwendo msalani na baadaye hakuna mwendo wala mlango popote pengine kwa dakika 40, anza tahadhari. Mchana na usiku.

Kanuni ya mchana: kama hakuna dalili yoyote kwa saa nne, na tukio la mwisho halikuwa mlango wa mbele, anza tahadhari. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye akili. Mlango wa mbele ukifunguka na kufungwa, kisha nyumba ikatulia, mtu ametoka. Nyumba ikitulia bila mlango kufunguka, mtu yumo ndani na hasogei.

Kanuni ya usiku ni kwa mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu: mlango wa mbele ukifunguka kati ya 22:00 na 04:30 na mtu asirudi ndani kwa dakika tano, usingoje, piga simu.

Tahadhari yenyewe iende kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ni mzazi. Kwa mama, taa ndogo ya bluu inawaka sebuleni na kipaza sauti kinasema kwa sauti ya dada yangu: "Mama, shikamoo, uko salama?" Akibonyeza kitufe kilicho mezani ndani ya dakika tano, hakuna mtu mwingine anayejua kitu. Asipobonyeza, mimi na dada tunapata ujumbe, nami nampigia kwenye kitochi chake. Asipopokea mara mbili, nampigia jirani. Nampigia, simwandikii, mtu mwenye mikono ya unga hasomi ujumbe. Dakika kumi zikipita bila jibu, kijana wa shangazi anaondoka na ufunguo.

Hatua ya kumi: igizeni

Mwezi wa kwanza, chagueni siku mfanye zoezi zima. Mama akae msalani kwenye kigoda na asitoke. Tazameni saa. Zoezi letu la kwanza lilichukua dakika 71 tangu aingie hadi jirani kupiga hodi, kwa sababu simu yangu ilikuwa kwenye ukimya na arifa za programu zilikuwa zimezimwa na simu yenyewe ili kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya simu uiruhusu programu hiyo ifanye kazi muda wote na ilie hata simu ikiwa kimya. La pili lilichukua dakika 52. Kumbuka 40 kati ya hizo ni za kanuni yenyewe.

Rudieni kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyohiyo kagua asilimia za betri. Betri iliyo chini ya 20 badilisha, usisubiri ife. Weka pakiti ya betri za akiba nyumbani kwa mzazi, kwenye bati lenye jina.

Mwaka jana mwezi wa Agosti kanuni ya msalani ililia saa moja na dakika kumi usiku. Mama hakubonyeza, hakupokea. Jirani alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, goti lilelile. Kitufe cha chini hakukifikia kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa pili. Alikuwa na maneno, alikuwa na joto lake, na alimwomba jirani amletee khanga kwanza. Usiku ule wa mwanzo zilikuwa saa nyingi; safari hii haikutimia hata saa nzima. Kesho yake tuliongeza kitufe cha pili upande ule.

Kusoma kumbukumbu bila kujifanya daktari

Baada ya miezi kadhaa utaona mienendo. Safari za msalani usiku zikipanda kutoka moja hadi nne, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, sukari, au kidonge cha presha kinachotoa maji ambacho anakinywa jioni badala ya asubuhi. Mwendo wa ukumbini ukipungua wiki hadi wiki, goti linauma au moyo umechoka, au ana huzuni. Usimwambie ana ugonjwa gani. Mwambie ulichokiona, mpeleke kliniki, na umwonyeshe daktari tarehe na idadi. Wauguzi wanathamini karatasi yenye idadi kuliko "siku hizi hayuko sawa".

Na endelea kumpigia. Jitahidi usiifungue simu yako na kuona mlango umefunguka, ukaona kwamba hiyo inatosha kuwa salamu ya asubuhi.

Akisafiri

Kuna msiba Korogwe, mama anaondoka siku tatu, nyumba iko kimya, na mfumo unaamini amezirai. Karibu na mlango wa mbele weka kitufe chenye rangi tofauti, cha kwetu ni kijani, cha "nimesafiri". Akikibonyeza mara moja, kanuni zote zinalala na sisi tunapata ujumbe kwamba mama ameondoka. Asibebeshwe kazi ya kukumbuka kuuwasha tena. Tuliuagiza hivi: akirudi, mlango wa uani ukifunguka kwa ajili ya udhu wa alfajiri ya kwanza, kanuni zinaamka zenyewe.